Pikapu ya Kona ya Mianzi

Ukonga, Dar es Salaam
Jumapili, 8 Septemba 2024

Kamwene, Mama Allen,

Leo ni tarehe nane Septemba. Tangu nilipopanda basi pale Makete ni miaka mitatu kasoro siku kumi na moja. Nimehesabu kwenye kalenda ya fundi, mara mbili.

Nakuandikia barua kwa sababu haya siwezi kuyasema kwenye simu. Ukipanda kilimani kutafuta mtandao, nusu ya kijiji inakaa kusikiliza. Mara ya mwisho nilikuambia nina homa, kesho yake mjomba akanipigia kuuliza maiti yangu inasafirishwa lini. Barua hii nampa kondakta wa basi, stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Nawe nijibu kwa njia hiyohiyo.

Habari yenyewe ni hii. Ile pikapu ya Mzee Baqir, ile nyeupe tuliyobebea saruji kwenda Mbweni miaka yote hii, sasa ni yetu. Mzee amenunua lori. Alikuwa ananikata kwenye mshahara tangu mwaka juzi, sikukuambia, niliogopa isitimie. Jumatatu akanipa kadi ya gari yenye jina langu. Akasema, "Kasimiri, wewe umeibeba hii gari kuliko ilivyokubeba. Ondoka nayo."

Lakini ikija ilivyo, haitapita kona ya mianzi. Mvua zikianza hakuna gari linalofika juu huko, viazi vinaoza shambani, na mgonjwa anashushwa kwa machela. Kwa hiyo lazima kwanza ipandishwe iwe juu. Iko hapa Ukonga kwa fundi anaitwa Nassibu. Akiba yangu inatosha kuchagua mara moja. Nikichagua sawa, narudi nayo na sitoki tena. Nikikosea, nabaki hapa kubeba zege mwaka mwingine, na nakuambia kweli, mgongo wangu hauna mwaka mwingine.

Naomba mambo mawili. Nenda pale kona upime lile tuta la katikati ya barabara, kati ya njia mbili za magurudumu, kimo chake. La pili, tafuta dereva. Mimi sijui kuendesha na kwa umri huu sianzi. Awe mwanaume mzima, mrefu, asiyekunywa ulanzi asubuhi.

Mwambie Allen asome.

Mumeo,
Kasimiri


Kijijini, Makete
17 Septemba 2024

Baba Allen,

Barua nimeipokea Jumapili. Nimeisomea jikoni, mlango nimefunga. Uliposema kadi ina jina lako nilicheka peke yangu mpaka mama akauliza nacheka na nani. Mama anaendelea vizuri, bado nampeleka kliniki Makete.

Viazi mwaka huu vimekubali. Nimelima na lile shamba la bondeni. Kwa hiyo fanya haraka lakini usikimbie.

Tuta limepimwa. Ni shubiri moja na vidole vinne, pale palipo juu kabisa. Kule kwingine kote ni chini ya hapo.

Dereva amepatikana. Ulanzi hanywi, wala asubuhi wala jioni. Anaomba jambo moja tu, gari isiwe juu sana. Anasema barabara yetu inainamia bondeni, na gari ya juu yenye mzigo ni kama mtu aliyebeba mtungi wa maji kwenye utelezi.

Umekonda? Kwenye picha uliyotuma Pasaka shingo yako niliiona nyembamba.

Sekela


Ukonga
Jumapili, 29 Septemba 2024

Mama Allen,

Sijakonda. Ni shati tu, lilikuwa la Nassibu, kubwa kuliko mimi.

Nimepata vipimo vyako na leo nimeshinda gereji. Nimechukua rula ya fundi, nikatandaza mkono wangu juu yake, nikaongeza vidole vinne. Ni inchi kumi na mbili na kitu. Nassibu alipoona akapiga mluzi.

Anasema kuna njia mbili. Ya kwanza ni kufunga vipande vya chuma kati ya springi na ekseli. Gari inapanda siku hiyohiyo, hata inchi nne. Ya pili ni kubadili springi zenyewe, kuweka zenye majani mengi na magumu, yaani zile bapa za chuma zinazopangwa moja juu ya nyingine, na shokapu ndefu za kuendana nazo. Hiyo inapandisha inchi mbili tu, na ni ghali.

"Braza, funga vipande," aliniambia. "Vijana wote wa Mbezi wanafunga hivyo. Gari ikipita watu wanageuza shingo."

Nikamwambia kwetu hakuna wa kugeuza shingo, watu wameinama wanachimba viazi.

"Basi mbuzi watageuza!"

Mzee Baqir alipita kuchukua betri, akasikia habari ya inchi nne. Akasimama, akatikisa kichwa. "Kasimiri, unataka gari au unataka ghorofa? Kama ghorofa sema, nikuuzie nondo."

Gereji yote ilicheka. Mimi pia nilicheka, lakini niliumia kidogo. Miaka mitatu nimejenga ghorofa za watu. Nikitaka kitu changu kimoja kiwe juu, kuna ubaya gani?

Hesabu yangu ni hii: tuta ni inchi kumi na mbili, inchi mbili hazitoshi, inchi nne zitatosha. Huyo dereva wako anayeogopa urefu ni nani? Hujaniambia jina lake. Ana kimo gani? Nimekuambia awe mrefu.

Kasimiri


Ukonga
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Mama Allen,

Sikusubiri jibu lako. Nassibu alikuwa na nafasi wiki hii, na mimi kila siku inayopita naiona ni siku ya mvua. Nimefunga. Inchi nne, vipande nyuma, na mbele ameongeza majani. Ukisimama karibu yake unaona kweli hii ni gari. Mama Rukaiya anayetuuzia chakula hapa gereji kasema sasa nitahitaji ngazi ya kukwea kwenye bahati yangu.

Jumamosi tutaipa mzigo wa saruji tuijaribu. Ikikubali, nategemea kuwa nyumbani mwisho wa mwezi huu.

Hela imekwisha, ila furaha ninayo.

Kasimiri


Kijijini
9 Oktoba 2024

Baba Allen,

Barua yako ya tarehe 29 nimeipata jana. Nakujibu leoleo, basi linaondoka alfajiri. Tafadhali usifunge kitu.

Soma polepole. Springi haziinui difu. Lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma limekaa kwenye ekseli, na ekseli imekaa kwenye magurudumu. Ukipandisha springi inchi nne, ukipandisha inchi kumi, bodi inakwenda juu na difu inabaki palepale. Na pale kona kinachogonga tuta ni difu, siyo bodi. Bibi shamba wetu, Kokuberwa, aligonga Machi mwaka huu. Dereva alilala chini ya ile gari ya Kokuberwa akaona alama mwenyewe, chuma kimechubuka hapohapo kwenye difu, kwingine kote kuna tope tu.

Kitu kinachoinua difu ni tairi kubwa. Springi unapandisha kidogo tu, ili tairi kubwa zipate nafasi ya kuzunguka bila kusugua. Inchi mbili zinatosha. Na springi ziwe ngumu, kwa sababu gari yetu haitatembea tupu hata siku moja.

Kimo cha dereva ni cha kawaida.

Mama Allen


Ukonga
Jumapili, 20 Oktoba 2024

Mama Allen,

Barua zetu zimepishana njiani. Nilikuwa nimeshafunga kabla yako haijafika.

Huyo dereva wako amejifunzia wapi habari za difu? Nimemsomea Nassibu barua yako, akaingia chini ya gari kuangalia difu. Kisha akasema ni kweli. Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akasema, "Hukuniuliza gari inagusa wapi, braza. Uliniuliza inaweza kwenda juu kiasi gani."

Lakini usiwe na wasiwasi. Tumeijaribu kwa saruji na gari iko sawa. Itabidi nichelewe kidogo kwa sababu ya kazi, Mzee Baqir ana nyumba mbili za kumaliza Mbweni. Sitafika mwisho wa mwezi.

Na usinifiche jina la dereva. Kama ni yule shemeji yako aliyeangusha trekta, sema tu.

Kasimiri


(Karatasi ndogo, imekunjwa mara nne ndani ya bahasha hiyohiyo)

Shem Sekela,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi, mambo. Mie ndo Nassibu, fundi wa Ukonga. Hii nimeichomeka kwenye bahasha jamaa alipoenda kunawa, asijue.

Shem, gari haiko sawa. Jumamosi ya wiki iliyopita tulipakia mifuko ishirini na tano ya saruji kwenda Mbweni. Mie nipo kwenye usukani, jamaa kakaa juu ya mzigo. Kuna njia ya vumbi pale imelala upande. Gari ikaanza kucheza kama iko ngomani, kipande kimoja kikahama, tairi za upande mmoja zikaacha ardhi. Jamaa akaruka. Gari ikarudi chini yenyewe, Mungu mkubwa. Jamaa mzima, ila kategua kifundo cha mguu, anachechemea mpaka leo na zege anabeba hivyohivyo. Hawezi kukwambia, aibu imemkaba.

Mie nafungaga anachotaka mteja, na wateja wangu wengi safari yao mwisho ni baa. Nilisahau huyu anakwenda milimani na maisha yake. Roho inaniuma. Huyo dereva wenu mwambie namvulia kofia. Mwambie pia aseme anataka nini, nitafunga hichohicho.

Nassibu


Kijijini
29 Oktoba 2024

Baba Allen,

Kaa chini kwanza, uupumzishe mguu.

Ndiyo, najua. Usimgombeze aliyeniambia. Umeruka kutoka juu ya mzigo na mimi unaniandikia "gari iko sawa". Nilitaka kupanda kilimani nikutukane kwenye simu mbele ya kijiji kizima. Nilifika mpaka nusu ya njia. Nikarudi, kwa sababu na mimi nina langu.

Dereva ni mimi.

Mama hajaenda kliniki tangu Mei. Kila Jumanne na Alhamisi nilikuwa nakwenda Makete kujifunza kuendesha, na siku nyingine Kokuberwa ananipa usukani wa gari yake, ananiambia, "Sekela, ponda klachi kama unamponda nyoka." Leseni nimeipata Agosti. Ilianza siku tuliyomshusha mke wa Faraji kwa machela, uchungu umemshika, saa nne nzima kwenye tope, mimi nimeshika upande mmoja. Mtoto alizaliwa njiani, chini ya mianzi, na sote tulibahatika. Siku ile nilijiambia, kama kuna gari litakuja kijiji hiki, sitasubiri mwanaume wa kuliendesha.

Halafu barua yako ikaja: mwanaume mzima, mrefu. Nikaona nikisema ni mimi, utakataa, na ukikataa kwa maandishi itakuwa imekataliwa. Nikasema ngoja, gari ifike kwanza.

Kwa hiyo aliyepima tuta ni mimi, na shubiri ile ni ya mkono wangu. Uliponiandikia umetandaza wako nilishtuka, na bado sikusema, kwa sababu ningesema mkono ni wa nani ungejua dereva ni nani. Wewe unaujua mkono wangu. Wako umetanuka kwa zege kama jembe. Hizo inchi zako kumi na mbili nilizilea mwenyewe kwa kukaa kimya, na kosa la Mbweni tumegawana, nusu lako nusu langu.

Sasa nasema ninachotaka, kama dereva. Toa vile vyuma. Springi za inchi mbili. Tairi kubwa kadiri zitakavyoingia. Na mguu wangu ufike kwenye klachi bila kulala kwenye kiti. Huku sisi wanawake tumekubaliana kufanya msaragambo, kazi ya pamoja, Jumamosi ijayo, tunalichonga lile tuta kabla mvua hazijalilainisha. Tutaondoa vidole viwili au vitatu. Vya kwangu.

Kama umekasirika, kasirika huko, urudi umemaliza.

Sekela


Ukonga
Jumapili, 10 Novemba 2024

Mama Allen,

Nilikasirika siku tatu. Nakueleza nilivyokasirika ili tusifichane tena. Halikuwa jambo la wewe kuendesha. Ni kwamba Kokuberwa alijua, mwalimu wa leseni alijua, mama alijua maana alikuwa kliniki bila kwenda kliniki, na mimi ambaye nabeba zege kwa ajili ya gari hiyo sikujua. Niliona kama mtu aliyejenga nyumba akaambiwa asubiri nje.

Siku ya nne nikakumbuka kwamba kwa ajili ya gari yenyewe nilikatwa mshahara miaka miwili bila kukuambia. Na kwamba niliruka kutoka juu ya saruji, nikaandika iko sawa. Hasira ikakosa pa kukaa.

Mguu umepona, nikiamka alfajiri tu ndiyo unanikumbusha. Nimemaliza kusema ukweli wa mguu.

Sasa kazi. Mama Rukaiya ana kimo chako, nafikiri mmepishana unene tu. Nilimwendea na rula nikamwambia, "Naomba mkono wako, nataka kuupima." Akainua mwiko. "Kaka Kasimiri, mie ni mke wa mtu, na huyo mtu ni askari magereza!" Nassibu akaanguka kwa kicheko ikabidi mimi nieleze peke yangu, mambo yote, wewe, leseni, tuta. Mama Rukaiya akashusha mwiko, akapangusa mkono kwenye kanga, akautandaza juu ya rula mwenyewe. Shubiri yake na vidole vinne ni inchi tisa na nusu. Kama mmeondoa vidole viwili kwenye msaragambo, inabaki nane na kitu. Nassibu akalala chini ya gari akapima difu kwa tairi za zamani, ikawa inagusa au inakaribia kugusa. Kwa tairi kubwa inapanda inchi moja na nusu. Inapita, Sekela. Ikiwa na mzigo, inapita.

Vile vyuma Nassibu kavichukua bila maneno. Springi kazitoa kwenye gari kama hii iliyopinduka zamani, ngumu, za mzigo, akazifunga kwa mikono yake siku mbili bila kunidai ufundi. Mzee Baqir kaleta shokapu. Alipoona gari imeshuka akaizunguka, akasema, "Aa, sasa ghorofa imekuwa gari." Nilimwambia dereva ni mke wangu. Akasema mama yake, marehemu Bi Gulbahar, aliendesha gari ya duka Kariakoo watu wakimcheka, na ndiye aliyelifikisha duka hapa lilipo. Akaniuliza jina lako, akataka nilirudie.

Tairi ndizo zimenichelewesha. Nimezilipia kwa kazi ya Mbweni, ghorofa ya pili, ndoo kichwani. Zinafungwa wiki ijayo. Nimeomba pia kikanyagio cha chuma upande wa dereva, na kiti kimesogezwa mbele mpaka Mama Rukaiya akakaa akaponda klachi hadi mwisho. Akashika usukani akapiga honi, akasema, "Tupisheni sisi wanawake!" wakati anayepaswa kupisha nilikuwa mimi.

Jambo moja ninaomba. Gari ina dereva, lakini haina utingo. Anatakiwa mtu wa kupakia viazi, kufunga turubai, kuweka jiwe nyuma ya tairi mlimani, kushuka kwenye tope wa kwanza. Ninaye mmoja, ana mgongo mbovu lakini ni mwaminifu. Mfikirie. Mshahara mtapatana.

Nassibu anatuendesha kutoka Dar, anasema anataka kuona kama kweli kuna mbuzi. Tunaondoka Ijumaa tarehe 29 alfajiri, tunalala Njombe. Mwambie Allen, mwambie mama, na sasa hata ukipanda kilimani utangaze ni sawa: nategemea kufika Jumamosi, tarehe 30 Novemba, saa nane mchana, pale lami inapoishia. Hapo Nassibu anashuka kwenye usukani. Uje na leseni.

Utingo wako,
Kasimiri